Redio ya Kapteni

Wahenga walikuwa na ulimi wa wazi kuliko sisi. Sisi tukiwa na shida tunasema tuna "changamoto kidogo", tunatabasamu, tunabadilisha mazungumzo. Wao walisema mficha uchi hazai, tena walisema mbele ya watoto. Hawakuwa wanafundisha utovu wa adabu. Walijua, kama kila mkunga anavyojua, kwamba mwenye shida asipokubali kuifunua kwa anayeweza kumsaidia, hatapata anachokitafuta hata akeshe akiomba. Methali hii tunaitaja kila siku, tunacheka, kisha kila mmoja anarudi nyumbani kuficha chake. Mtu wa kisa hiki alificha sikio.

Mtaa mzima ulimwita Kapteni. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa rubani wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani, zile ndogo ambazo injini zake hunguruma mbele ya magoti ya rubani, na ambazo huruka chini mpaka magurudumu yakakaribia kupangusa mimea. Alipostaafu hakununua kiti cha kukalia barazani kama wenzake. Alilitoa gari lake kwenye banda la nyuma ya nyumba, likanyeshewa mpaka likaota kutu, na humo bandani akaanza kuunda ndege. Ndege ya kweli, ya watu wawili, kwa michoro iliyoidhinishwa, kwa mbao, mabati mepesi na kitambaa kilichokazwa kwa gundi. Mabawa aliyatundika ukutani. Mkia ulikaa muda mrefu sebuleni nyuma ya kochi, na wageni waliutundikia kofia. Mkewe hakulalamika. Kila alipofuta meza vumbi, alifuta na mkia.

Kapteni alikuwa na nia moja: ndege ikikamilika, airushe yeye. Hakutaka kupandishwa kama abiria, alitaka kuirusha. "Nimerusha ndege za watu maisha yangu yote," alikuwa akisema, "hii yangu nitairusha kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya hapo hata mkinizika, nizikeni." Leseni yake ilikuwa hai bado. Kila mwaka alikwenda kwa daktari, akapimwa, akarudi na cheti, akakionyesha mezani kama mwanafunzi aliyefaulu. Kiti cha kushoto cha ndege ile alikishonea mto yeye mwenyewe, na hakuruhusu mtu mwingine akikalie.

Aliyemsaidia kazi za nyaya alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Huyu alikuwa fundi wa redio za ndege katika kiwanja kidogo nje ya mji, na watu walimwita Fundi tu, hata mkewe. Kwa baba mkwe wake Fundi alikuwa na heshima iliyopita kiasi. Akiingia bandani alivua kofia. Hakuketi mpaka aambiwe keti. Alikuwa na sababu yake. Siku alipokuja kuposa, ndugu wa mwanamke walinong'ona kwamba binti yao hawezi kupewa mchomea nyaya, na Kapteni akawanyamazisha wote kwa sentensi moja: "Anayeshika waya wa moto bila kutetemeka, nyumba itamshinda?" Neno lile Fundi alilibeba moyoni kama amana. Angeweza kumfanyia mzee yule lolote, isipokuwa kumwambia jambo la kumwaibisha.

Basi ndege ilipokaribia kukamilika waliipeleka kiwanjani kwa vipande, wakaiunganisha katika banda la mwisho kabisa, karibu na uzio. Redio ikafungwa, antena ikasimamishwa mgongoni, hedifoni mbili zikachomekwa. Kapteni akaketi kushoto, akafungua redio, akasikiliza mnara wa kuongozea ndege ukizungumza na rubani mwingine. Uso wake ukakunjamana.

"Mwanangu, redio hii ina kasoro."

"Kasoro gani, baba?"

"Yule binti wa mnarani anakula maneno. Namsikia kama anayesemea ndani ya mto."

Fundi hakubisha. Alishuka, akapima umeme wa betri kwa mita yake, ukawa sawasawa. Akaichunguza antena na waya wake, akafungua kila plagi na kuipangusa, akaangalia kama waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, umekaza kwenye bodi ya ndege. Hakuona ila. Akachukua hedifoni nyingine kutoka karakana ya kiwanja, mpya, akamvalisha mzee. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bado. Afadhali yule bwana wa zamu ya asubuhi, yeye anasikika vizuri. Huyu binti ndiye redio haimpendi."

Kauli ile ilimkaa Fundi kichwani. Redio anazijua tangu ujana wake. Redio mbovu huwa mbovu kwa wote, haichagui mwanamume wala mwanamke. Siku iliyofuata akafanya jambo dogo: alizichomeka hedifoni mbili kwenye waya mmoja, akavaa moja, mzee akavaa ya pili, wakakaa ubavu kwa ubavu wakiutazama mnara ule ule. Sauti ya binti ikaja, nyembamba na safi, ikampa rubani mmoja upepo na njia ya kutua. Fundi angeweza kuiandika neno kwa neno.

"Umesikia?" Kapteni akamuuliza. "Anamung'unya! Kasemaje?"

Fundi alimtazama mzee, kisha akautazama waya. Waya ulikuwa mmoja na sauti ilikuwa moja. Kasoro ilianza pale waya ulipoishia.

"Ni kweli, baba," alisema taratibu. "Kuna kitu. Nitaitazama."

Hapo ndipo ninapomlaumu Fundi, na nitamlaumu mpaka mwisho wa kisa. Sentensi ile ilikuwa na adabu zote, ila ukweli haukuwemo.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani, akaacha shati hewani.

"Kiziwi? Baba yangu?"

"Si kiziwi kabisa. Sauti nene anazisikia. Nyembamba ndizo zinampotea. Miaka yote ile mbele ya injini, unafikiri masikio ni ya chuma?"

"Na wewe ndiye utakayemwambia?" Mkewe akalitupa shati. "Usithubutu. Akikosa cheti cha daktari hana leseni, akikosa leseni hana ndege. Unataka aseme mkwe wake ndiye aliyemnyang'anya?"

Fundi akaenda kwa mama mkwe, akamkuta jikoni akichambua mchele. Televisheni ya sebuleni ilikuwa ikipiga kelele mpaka sufuria zinatetemeka rafuni, na Fundi akajiuliza ilikuwaje miaka yote hakuwahi kulishangaa jambo hilo. Alianza kwa mbali, akazunguka, akataja hali ya hewa, akataja uchovu. Mama yule hakumngoja afike.

"Umeshajua," alisema.

"Nimejua, mama."

"Mimi nimejua kabla hujaoa." Akaendelea kuchambua. "Mgeni akisema kitu, mimi ndiye ninayerudia. 'Eti anauliza kama umelala salama.' Watu wanasema, tazama mapenzi yao, mke anayarudia maneno kama asali. Asali gani! Koo langu limekuwa kama msasa."

"Na kwa daktari anapitaje?"

Mama mkwe akacheka kicheko kisicho na furaha. "Anamvalisha hedifoni, anamwambia ukisikia mlio inua mkono. Daktari mwenyewe mzee mwenzake, akibonyeza kitufe bega linaruka. Mume wangu anatazama bega."

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. "Mama, kuna vifaa vya kuvaa sikioni. Vidogo tu. Tumwambie."

"Nilimwambia mara moja. Hakunisemesha mpaka mwezi ukaandama." Akainua macho, na macho yake yalikuwa yakiomba. "Mwanangu, wewe ni fundi. Mrekebishie tu redio."

Basi familia nzima ikakubaliana kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi akaunda kijisanduku kidogo cha kukuza sauti, kidogo kama kiberiti, kinachozinyanyua sauti nyembamba na kuziacha nene zilivyo. Akakificha nyuma ya dashibodi upande wa kushoto, kikachukua umeme wake kwa waya mwembamba, kikaingia kati ya redio na hedifoni ya mzee. Hakikuwemo kwenye mchoro wowote. Kapteni akaketi, akavaa, na binti wa mnarani akasema. Uso wa mzee ukafunguka.

"Haa! Sasa huyo ndiye mtu! Ilikuwa nini?"

"Plagi tu, baba. Ilikuwa na kutu."

"Plagi!" Kapteni akampiga begani kwa furaha. "Niliwaambia mimi. Fundi ni fundi!" Jioni ile alitangaza mtaani kwamba mkwewe ana mikono ya dhahabu, na Fundi alipita katikati ya sifa hizo ameinamisha kichwa, kwa kuwa alijua ni kilemba cha ukoka.

Lakini uongo una tabia ya kuzaa, tena huzaa mapacha. Injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza na kuanza kuchaji betri, kijisanduku kilianza kulia ndani ya hedifoni ya mzee, mlio uliopanda na kushuka pamoja na injini. Fundi akadai ni nyaya zimekaribiana. Alipobaki peke yake akakiongezea waya wa pili wa ethi, akaufunga mbali na ule wa kwanza. Mlio ukanyamaza. Badala yake, kila Kapteni alipobonyeza kitufe cha kuzungumza na mnara, mshale wa geji ya mafuta ukaanguka mpaka kwenye sifuri, kisha ukapanda tena, kama mtu anayesinzia kanisani.

Fundi aliijua sababu. Umeme uliokuwa na njia moja ya kurudi nyumbani sasa ulikuwa na mbili, na ulikuwa ukipita katika nyaya za geji bila kubisha hodi. Dawa yake ilikuwa kukitoa kijisanduku. Asingeweza kukitoa bila kumrudisha mzee kwenye uziwi wake, na asingeweza kueleza kwa nini.

"Hii geji nitaitibu mwenyewe," Kapteni alisema. "Wewe pumzika, umefanya mengi."

Akaanza kazi. Aliyatoa mafuta yote tangini, debe baada ya debe, akaliteremsha tangi, akalifungua, akakitoa kile kiboya cha ndani kinachopima kina, akakiosha, akakipima, akakirudisha. Mshale ukaanguka. Akabadilisha waya kutoka kwenye tangi mpaka kwenye dashibodi. Mshale ukaanguka. Akanunua geji mpya. Mshale mpya nao ukaanguka. Mzee wa umri ule alilala chali chini ya ndege, petroli ikimchuruzika mpaka kwenye viwiko na kumbabua ngozi, akitafuta ugonjwa kwenye kitu kizima, na pembeni alisimama mtu aliyejua ulipo, ameshika kofia mkononi kwa heshima. Mimi heshima ya namna hiyo naiita ukatili.

"Baba, acha. Mimi nitaitazama," Fundi alisema siku moja, alipoona vidole vya mzee vinatoka damu.

"Nikuachie wewe kila kitu? Halafu niseme nimeunda ndege?"

Mara nyingine Fundi alipiga moyo konde, akafungua mdomo. "Baba, kuhusu ile redio..." Kapteni, aliyekuwa amempa mgongo, hakujibu. Hakuwa amesikia. Fundi akalichukua lile kuwa jibu, akafunga mdomo. Alijua vizuri kwamba mtu asiyesikia huambiwa tena, kwa sauti kubwa, uso kwa uso. Ila nani anapenda kupaza sauti kwa baba mkwe?

Hatimaye siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sauti yake ya chini. Kapteni alivaa shati lake jeupe la kazi, lenye mikanda mabegani, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mkewe alikuwepo, binti alikuwepo. Ukaguzi ukipita, siku ile ile jioni angepewa ruhusa ya kuirusha ndege yake. Mkaguzi akaizunguka ndege, akagonga mbao, akavuta nyaya za usukani, akasifu mishono ya kitambaa. Kila alipouliza jambo, mke wa Kapteni alilirudia kama ilivyo ada, na mkaguzi akamtazama mara moja, mara mbili. Kisha akawasha tochi, akachungulia nyuma ya dashibodi.

"Hiki ni nini?"

"Anauliza hicho ni nini," mkewe alirudia kwa sauti iliyokwaruza.

"Kipi?" Kapteni akainama, akachungulia. Akaona kitu ambacho hakukiweka yeye, katika ndege ambayo alidhani anaijua kila msumari. Akanyooka polepole. "Nani katia uchafu huu kwenye ndege yangu?"

Fundi akamtazama mama mkwe, naye akavitazama viatu vyake. Akamtazama mkewe, naye akauvuta ushungi wake. Sentensi moja tu ilihitajika pale, na wenye kuijua walikuwa watatu.

"Ni mimi, baba," Fundi alisema. "Nilikuwa najaribu kitu. Nilisahau kukitoa."

"Unajaribu? Kwenye ndege itakayonibeba mimi?" Sauti ya mzee ikapanda mpaka mafundi wa banda la jirani wakageuka. "Ndiyo maana geji imenitesa! Nimelala chini ya tangi kama mbwa, wewe umesimama unanitazama! Nilikutetea mbele ya ukoo mzima. Kumbe walisema kweli. Mchomea nyaya."

Akachukua koleo, akakata nyaya zake zote kwa mkono wake, akaichomeka hedifoni moja kwa moja kwenye redio, akakitupa kijisanduku miguuni pa mkwewe. Kisha akabonyeza kitufe cha kuzungumza. Mshale wa geji ukatulia tuli. "Unaona?" akamwambia mkaguzi, macho yanang'aa kwa ushindi. "Kasoro ilikuwa mtu!"

Mkaguzi akaandika kitu, akasema sasa wataendesha ndege ardhini mpaka karibu na njia ya kurukia na kurudi, ili aone breki na mawasiliano. Mke wa Kapteni akanyanyua mkono, kama anayetaka kuuliza swali darasani, kisha akaushusha. Mkaguzi akaketi kiti cha kulia, milango ikafungwa. Injini ikawaka kwa mkupuo wa kwanza, tamu, na ndege ikaanza kutambaa juu ya lami huku Kapteni akiwa ameketi wima kwenye mto alioushona.

Binti wa mnarani alimwambia asimame kabla ya mstari wa njia ya kurukia, kuna ndege inatua. Kapteni alisikia mvumo fulani wa sauti. Akafanya alichokuwa akikifanya miaka yote, akajibu kwa sauti ya kishujaa, "Nimekupata!" na ndege ikazidi kusonga. Binti akarudia. Akarudia tena, sasa anapiga kelele. Ndege ya Kapteni ilikuwa imeshauvuka mstari wakati mkaguzi alipozikanyaga breki za upande wake kwa miguu yote miwili. Juu yao ndege iliyokuwa ikitua ikanyanyuka kwa mngurumo, tumbo lake likapita karibu mno, kivuli chake kikawafunika. Kapteni aliinua macho kuufuata ule mngurumo, maana huo aliusikia, akabaki ameduwaa.

Mkaguzi akazima injini. Akageuza uso wake dirishani, akauliza taratibu, "Kapteni, mnara umesema nini?"

Kapteni aliendelea kutazama mbele.

Mkaguzi akageuka, akamtazama usoni. "Tangu lini husikii?"

"Redio..." Kapteni akaanza.

"Redio ni nzima. Nimesikia kila neno."

Familia ilikuja mbio juu ya lami, Fundi mbele. Kapteni alishuka, akamwona mkwewe ameshika kile kijisanduku, nyaya zake zinaning'inia. Mzee hakuwa mjinga. Aliunda ndege, hangeshindwa kuunganisha hesabu ndogo kama ile.

"Hicho kilikuwa cha nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu kuoa, Fundi alimpazia sauti baba mkwe wake. Alimpazia kwa nguvu, uso kwa uso, machozi yakimtiririka. "Kilikuwa cha sikio lako, baba! Cha sikio lako!"

Kapteni akamtazama mkewe. Akamtazama binti yake. Hakuna aliyeonyesha mshangao, na hapo ndipo alipojua kwamba wote walijua. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Kapteni alichutama palepale kando ya gurudumu, akajifanya anakagua upepo wa tairi, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaubonyeza tena. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na shati lake jeupe likashika vumbi la lami mgongoni, pale alipoegemea.

Ndege ilipita ukaguzi. Mkaguzi aliandika kwamba imeundwa kwa ustadi wa hali ya juu. Fundi alipewa onyo kali kwa kufunga kitu kisichoidhinishwa, akanyang'anywa kwa muda haki ya kutia saini kazi zake, mwanamume mzima akawa anatiliwa saini na vijana aliowafundisha. Kapteni aliitwa mbele ya jopo la madaktari. Safari hii alipimwa na mashine, na mwenye kuiendesha alikaa nyuma ya kioo cheusi. Hapakuwa na bega la kutazama.

Baada ya majibu, daktari kiongozi alimwandikia maneno yake kwenye karatasi kubwa, ili asikose hata moja, kisha akayasema pia. "Mzee, wapo marubani wanaovaa vifaa masikioni, na wanaruka kila siku. Ungekuja ukasema, tungekupa vifaa, tungekujaribu, na huenda leo ungekuwa angani. Hatukunyimi leseni kwa uziwi. Tunakunyima kwa sababu miaka yote hii umetudanganya, na juzi nusura uue watu. Hatutakuamini tena."

Hakukuwa na rufaa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na watu wa mtaani, waliokuwa wakimpigia saluti, waliizingatia methali hiyo barabara.

Vifaa alipewa, viwili, vidogo kama punje za maharage. Siku alipovivaa alisimama katikati ya sebule kama mgeni. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia maji yakitiririka bombani. Mkewe akamwita kutoka jikoni, na Kapteni akashtuka.

"Sauti yako imefanya nini?"

Ilikuwa nzito, imepasuka, imekwaruzika kama mlango usiotiwa mafuta. Aliyoikumbuka yeye ilikuwa ya msichana aliyemuoa.

"Imechoka, mume wangu," alisema. "Nimekuwa nikipiga kelele."

Kapteni aliketi mezani mpaka chakula kikapoa. Baadaye alimwita mkwewe. Fundi akaja, akavua kofia mlangoni.

"Ulijua, ukanyamaza," mzee alisema. "Fundi gani anaona ufa, anapaka rangi?"

"Nilikuheshimu, baba."

"Ungeniheshimu kwa kuniambia."

"Ungenifukuza."

Kapteni alifikiri. "Ningekufukuza," alikubali. "Halafu ningerudi kukuita." Lakini aliyasema hayo akiwa ametazama pembeni, na hata yeye hakuonyesha kuyaamini. Tangu hapo wakwe wale wawili wakawa watu wa salamu: shikamoo, marahaba, basi.

Ndege akaiuza. Walimsihi angalau apande kama abiria, aione ardhi kutoka juu ndani ya kazi ya mikono yake. Akakataa katakata. "Sibebwi kama gunia ndani ya ndege yangu." Aliyeinunua alikuwa kijana mwenye kazi ya kupiga picha za mashamba, mstaarabu, akamwalika Kapteni aje kuishuhudia ikiruka mara ya kwanza. Wote tulidhani hatakuja. Alikuja.

Alisimama kwenye uzio na mkewe. Asubuhi ilikuwa tulivu. Kijana akaketi kushoto, akaufunga mlango, ndege ikatambaa mpaka mwanzo wa njia ikasimama. Mlinzi wa uzio alikuwa na redio ya mkononi, imefunguliwa. Humo ikatoka sauti ya binti wa mnarani. Kapteni alikuwa hajawahi kuisikia ilivyo, bila kijisanduku cha kuificha kasoro yake: sauti changa, ya upole, kila neno limekaa mahali pake, wala halikuliwa hata moja. Ilitaja upepo. Ilitaja njia. Ilimruhusu kijana yule, kwa namba ya ndege ambayo Kapteni aliipaka rangi kwa mkono wake, kuruka.

"Nimesikia," Kapteni alimwambia mkewe. "Nimesikia kila neno."

Mkewe hakuwa na la kurudia. Ndege ikakimbia, mkia ukainuka, magurudumu yakaachana na ardhi, nayo ikapaa vizuri kuliko ndege nyingi zilizotoka viwandani, ikiwa na mtu mwingine kwenye kiti cha kushoto. Mzee akaufuata mlio wake kwa masikio yale mapya mpaka ukaisha, akazidi kusimama pale ameshika waya wa uzio, hadi mkewe alipomshika mkono na kumgeuza. Mzee huyo ndiye aliyeibeba ndege kama mimba miaka yote hiyo, na siku ya kujifungua akawa mtazamaji. Kweli, mficha uchi hazai.